Kadi za kampuni nyingine kwenye kamera za video za kitaalamu: namna ya kuchagua, kupima na kuzitumia

Kadi ya kumbukumbu yenye nembo ya kampuni iliyounda kamera huwa ghali, na kando yake kuna nyingine yenye umbo lilelile, ujazo uleule au zaidi, kwa pesa pungufu sana. Wengi hukwama hapo. Wengine hulipia ile ghali kwa hofu, wengine huchukua ile rahisi kwa matumaini, na wote wawili wanabahatisha. Kadi ya kampuni nyingine inafaa kwa kazi ya kulipwa endapo umeipima mwenyewe, ndani ya kamera yako, kwa hali nzito kuliko zote unazorekodi, mpaka ikajaa. Lebo inakusaidia kuchagua kadi ya kwenda kupima. Haikupi ruhusa ya kuipeleka kazini.

Ni vizuri kujua pia kwamba chipu za flashi zinazohifadhi data hutengenezwa na kampuni chache tu duniani, zikiwemo Samsung, Kioxia, Micron, SK hynix na SanDisk. Kampuni nyingi zinazouza kadi hununua chipu hizo, huongeza kidhibiti na programu yake ya ndani, kisha hubandika jina lao. Kwa hiyo jina geni si kasoro peke yake. Tofauti iko kwenye chipu zilizochaguliwa, kidhibiti kilichowekwa, na kama kuna mtu aliyewahi kuijaribu kadi hiyo na kamera ya aina yako.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kutazama kadi yoyote

Kitabu cha kamera hutaja bitireti, yaani kiasi cha data ya video kwa kila sekunde, kwa megabiti kwa sekunde, ilhali kadi hutajwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8, basi gawanya kwa 8. Ukirekodi 4K ya XAVC-I, ambayo ni kodeki (njia ya kubana video) ya Sony, kwa fremu 60 kwa sekunde na megabiti 600, kadi inatakiwa kumeza megabaiti 75 kila sekunde bila kupumzika. Saa moja ni gigabaiti 270, na kadi ya gigabaiti 512 itakubeba kwa takriban saa moja na dakika 50.

Sasa chukua ProRes 422 HQ, kodeki ya Apple, ya ukubwa wa 3840 kwa 2160, fremu 25. Apple huikadiria kwa megabiti 737 kwa sekunde, yaani megabaiti 92. Kadi ya SD yenye alama ya V90 imeahidi 90 tu. Ziko kadi za V90 zinazoivuka ahadi hiyo kwa mbali, lakini hapo unaegemea ukarimu wa kadi, si dhamana yake. Ukipanda hadi fremu 50 hitaji linakuwa takriban megabaiti 184, na suala la V90 limekwisha: unahitaji kadi ya aina ya CFast au CFexpress, au SSD (diski ya chipu za flashi).

Andika namba ya hali yako nzito kuliko zote, kisha uiongeze nusu yake. Hiyo nusu ni kipimo changu mwenyewe, na ninaishikilia kwa sababu mbili. Kodeki nyingi hupandisha bitireti picha inapokuwa na mambo mengi, na kadi hupungua kasi ikipata moto. Ukitumia Blackmagic RAW, kodeki ya kamera za Blackmagic, kwa hali ya ubora usiobadilika, tazama kiwango cha juu kabisa cha data, usitazame wastani.

Hatua ya 2: Ijue sloti yako

SD ndiyo iliyozoeleka kuliko zote. Ya UHS-I ina safu moja ya miguu ya shaba na njia yake inaishia megabaiti 104 kwa sekunde. UHS-II ina safu mbili na njia yake inafika 312. Geuza kadi uhesabu safu: ikiwa ni moja tu, hakuna namba kubwa ya kwenye lebo itakayoibadilisha kuwa V60 au V90.

CFast 2.0 hupita kwenye njia ya SATA yenye kikomo cha megabaiti 600. CFexpress hupita kwenye PCIe, ileile ya SSD za kisasa za kompyuta. Aina A ni ndogo na ina njia moja, hivyo kwenye toleo la 2.0 kikomo chake ni karibu gigabaiti 1 kwa sekunde. Aina B ina njia mbili, karibu gigabaiti 2. Toleo la 4.0, lililotangazwa mwaka 2023, limezidisha namba hizo mara mbili, na kadi zake zinafanya kazi kwenye kamera za toleo la 2.0 kwa kasi ya kamera hiyo. Usiilipie 4.0 kwa ajili ya kamera ya 2.0 ukidhani itarekodi vizuri zaidi. Faida utaiona wakati wa kushusha data tu, na hapo pia ni mpaka uwe na kisoma kadi cha 4.0.

Kuna mtego mmoja kwenye aina B. XQD, kadi iliyotangulia CFexpress, na CFexpress aina B zina umbo na vipimo sawasawa, kadi inaingia hadi mwisho na kufunga, lakini kamera ya XQD haiisomi CFexpress mpaka kampuni iwe imetoa sasisho la programu ya kamera hiyo. Baadhi ya kamera zilipata sasisho, nyingine hazikupata na hazitapata.

Kamera za zamani zinazotumia SxS (kadi za Sony) na P2 (kadi za Panasonic) zina hadithi yake. Kadi zake zimeadimika, na watu hutumia adapta zinazopokea SD. Zinafaa kwa kurekodi kwa mwendo wa kawaida. Kwa slomosheni usizitegemee, kwa kuwa kadi iliyo ndani ya adapta haina kasi ambayo sloti hiyo iliundwa kupokea.

Hatua ya 3: Soma lebo kwa jicho kali

Namba kubwa iliyoandikwa kwa wino mnene karibu kila mara ni kasi ya kusoma. Wewe unarekodi, na kurekodi ni kuandika. Tafuta kasi ya kuandika, na usiishie hapo, kwa maana nayo huandikwa ile ya juu kabisa inayofikiwa kwa sekunde chache. Unachokitaka ni kasi ya chini inayodumu. Kwenye SD hiyo ndiyo maana ya V30, V60 na V90. Kwenye kadi za CFast na CFexpress tafuta alama ya VPG: VPG130, VPG200 au VPG400, ambazo ni megabaiti kwa sekunde zilizohakikishwa kwa video. Baadhi ya kamera hazifungui kabisa hali zake nzito bila kuona alama hiyo ndani ya kadi, hata kama kadi yenyewe ina mbio.

Kadi isiyo na VPG inaweza kuwa nzuri. Ila kama kampuni haitaji popote kasi ya chini inayodumu, ichukulie kuwa haitaki uijue.

Hatua ya 4: Elewa kwa nini kadi huanza kwa mbio ikaishia kuchechemea

Hapa ndipo kadi nyingi rahisi zinapoangusha watu. Chipu za siku hizi huhifadhi biti 3 kwenye kila seli, nazo huitwa TLC, au biti 4, ambazo huitwa QLC. Kadiri seli inavyobeba biti nyingi ndivyo kuandika kunavyokuwa polepole. Ili kuficha upole huo, kidhibiti hutenga sehemu ya chipu na kuiandika biti 1 tu kwa seli, ambayo ni haraka sana. Data yako hutua kwanza kwenye akiba hiyo, kisha kadi huihamisha taratibu. Ni kama kumimina maji kwenye faneli: unaweza kumwaga kwa nguvu mpaka faneli ijae, na baada ya hapo yanapita kwa upana wa shingo tu.

Kwa mpiga picha za mnato akiba hiyo inatosha, maana anapiga mfululizo halafu anapumzika. Video haipumziki. Ukirekodi hotuba ya saa nzima akiba itajaa, na hapo utaiona kasi halisi. Kadi iliyokuwa ikiandika gigabaiti 1 kwa sekunde inaweza kushuka hadi megabaiti mia na kitu, na kamera ikasimamisha kurekodi katikati ya sentensi. Kwa hiyo wanaoandika mapitio ya kadi baada ya klipu ya dakika mbili hawajakuambia kitu. Amini mapitio yenye mchoro wa kasi kuanzia kadi tupu mpaka kadi iliyojaa.

Ziko kampuni zinazochukua chipu za TLC na kuziandika zote biti 1 kwa seli. Ujazo unapungua hadi theluthi na bei inapanda, lakini kasi hubaki palepale mwanzo hadi mwisho. Ukiona kadi mbili za kampuni moja, ya gigabaiti 160 na ya gigabaiti 512, na ile ndogo haijapishana sana bei na ile kubwa, mara nyingi sababu ni hiyo. Kwa kamera kuu ningechukua ile ndogo.

Hatua ya 5: Kabla hujalipa

Fungua orodha ya kadi zilizopitishwa na kampuni ya kamera yako na usome namba kamili ya modeli, si jina la familia ya kadi. Kampuni za kadi hubadilisha chipu na kuacha jina lilelile, hivyo herufi moja mwishoni mwa namba ya modeli ina maana. Fungua pia orodha ya kampuni ya kadi, kwa kuwa zilizo makini huorodhesha kamera, kodeki na kiwango cha fremu walichojaribu. Angalia kama kadi ina sasisho la programu ya ndani na kama sasisho hilo linahitaji kisoma kadi cha kampuni hiyohiyo.

Nunua moja kwanza. Ikifaulu vipimo, rudi ununue zilizobaki. Kuhusu ujazo, nashauri kadi kadhaa za kati kuliko moja kubwa sana, kwani ikiharibika moja inaondoka na sehemu ya kazi tu, na nyingine zinaweza kuwa zinashushwa wakati kamera inaendelea.

Hatua ya 6: Ipime kwenye kompyuta

Lengo la kipimo hiki ni kujua kama kadi ni feki. Kadi feki hudanganya ujazo: ndani ina gigabaiti 64, kidhibiti kinatangaza 512, na ukipita kiasi halisi data mpya inafuta ya zamani au inapotea kimya. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux na macOS tumia F3. Zote hujaza kadi nzima kwa data kisha huisoma tena kuihakiki. Kwa kadi kubwa itachukua muda, iache imalize.

Usishtuke Windows ikionyesha 476 kwa kadi ya 512. Lebo inahesabu gigabaiti kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Si wizi.

Programu maarufu ya Blackmagic Disk Speed Test ni nzuri kwa kuona kama kisoma kadi na kebo viko sawa, ila huandika faili ya gigabaiti chache tu na kurudia, hivyo mara nyingi inapima ile akiba ya haraka. Ukitaka kuona kadi inavyoanguka, nakili faili moja kubwa inayokaribia ujazo wote na utazame mchoro wa kasi wakati wa kunakili. Kama mstari unakwenda sawa kisha ghafla unashuka na kubaki chini, soma namba ya pale chini. Hiyo ndiyo kasi ya kadi yako.

Hatua ya 7: Ipime kwenye kamera

Hiki ndicho kipimo chenyewe. Usikiruke hata kama kompyuta imekupa namba za kupendeza, kwa kuwa kamera ina kidhibiti chake, nguvu yake ya umeme na joto lake.

Fomati kadi ndani ya kamera. Weka hali yako nzito kuliko zote: azimio la juu, fremu nyingi, kodeki kubwa. Kama kamera ina kipengele cha kusimamisha kurekodi fremu zinapodondoka, yaani zinaposhindwa kuandikwa kwenye kadi, kiwashe. Kwenye kamera za Blackmagic kipo kwenye menyu ya kurekodi, na kikiwa kimezimwa kamera inaweza kuendelea huku fremu zinapotea.

Usipime ukiwa umefunika lenzi. Kodeki ikikutana na weusi mtupu inabana data mpaka inakuwa ndogo sana, na kadi mbovu itafaulu kwa raha. Elekeza kamera kwenye kitu chenye maelezo madogomadogo yanayosogea, kama majani yanayopeperushwa na upepo au maji yanayotiririka. Fokasi iwe kali, picha isiwe na ukungu. Pandisha ISO kidogo, kwani chengachenga za picha nazo zinaongeza data.

Weka simu yenye saa ya kuhesabu mia za sekunde kwenye kona ya fremu. Rekodi mpaka kadi ijae bila kusimamisha. Baadaye, kwenye programu ya kuhariri, nenda dakika za mwisho na upige hatua fremu kwa fremu. Kwa fremu 25, saa inatakiwa kusonga kwa mia 4 za sekunde kila hatua. Ikiruka kutoka 12 hadi 20, kuna fremu imedondoka. Rudia sehemu kadhaa za klipu, hasa katikati, pale akiba inapokuwa imeisha.

Kadi ikijaa, itoe uiguse. Ikiwa vuguvugu au ya moto kiasi, ni kawaida, CFexpress nyingi huwa hivyo. Ikiwa huwezi kuishika, usiipeleke kwenye kazi ya kurekodi mfululizo. Sasa fanya zoezi hilo mara ya pili papo hapo: fomati, rekodi mpaka ijae, kamera ikiwa bado na joto. Kadi kadhaa hufaulu duru ya kwanza na kuanguka ya pili, na kazini hakuna anayekusubiri kadi ipoe.

Malizia na klipu fupifupi nyingi, washa na zima harakaharaka, na slomosheni kama unaitumia. Zicheze ndani ya kamera kabla hujaitoa kadi.

SSD na adapta

Kamera kadhaa, zikiwemo Blackmagic Pocket za 4K na 6K, hurekodi moja kwa moja kwenye SSD kupitia USB-C. Kwa gigabaiti kila moja unalipa kidogo sana, na vipimo vya hapo juu vinatumika vilevile, QLC zikiwa za kuepukwa. Adui mkubwa hapa ni kebo. Plagi ya USB-C haina ndoano, na ikilegea nusu milimita klipu imekatika. Tumia kibano cha kebo kilichofungwa kwenye fremu ya kamera, kebo fupi, na usimpe mtu kamera aishike upande wa SSD.

Ziko pia ganda tupu za CFexpress aina B ambazo unaingiza ndani SSD ndogo ya M.2 yenye urefu wa milimita 30. Zinavutia na zinafanya kazi kwa baadhi ya watu. Mimi nazikubali kwa mazoezi na kwa kamera ya akiba. SSD hizo ziliundwa kwa kompyuta, zinaweza kutaka umeme zaidi ya sloti inaotoa, na hakuna kampuni itakayosimama na wewe kitu kikiharibika.

Kazini

Siku za mwanzo za kadi mpya, weka kadi uliyokwisha kuiamini kwenye sloti ya pili na urekodi kwenye zote mbili kwa pamoja. Hii ndiyo bima rahisi kuliko zote, na ni ajabu jinsi sloti ya pili inavyoachwa tupu.

Fomati ndani ya kamera kila unapoanza, si kwenye kompyuta. Dhamana ya V60 au V90 inapimwa kadi ikiwa imefomatiwa sawasawa na data ikipangwa mfululizo. Ukifuta klipu mojamoja unaacha mapengo, na kadi inalazimika kuandika vipande vipande. Usizime kamera wala kuchomoa betri taa ya kadi ikiwa inawaka, kwani exFAT, mpangilio wa faili unaotumika kwenye kadi nyingi, haina kumbukumbu ya kurekebisha kilichokatika njiani. Zipe kadi namba kwa utepe, na kadi iliyojaa ikae kwenye kasha uso chini. Mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kufomati.

Kushusha data

Nakili muundo mzima wa folda za kadi kama ulivyo, iwe ni XDROOT, PRIVATE au CONTENTS. Usichomoe faili za video peke yake, kwa kuwa maelezo ya klipu na viungo vya klipu ndefu hukaa kwenye faili ndogo za pembeni.

Tumia programu inayohakiki kwa cheksamu, kama Silverstack, OffShoot au ShotPut Pro. Programu hupiga hesabu ya faili ya kwenye kadi na ya nakala, kwa xxHash au MD5, kisha huzilinganisha. Kulinganisha ukubwa wa folda kwa macho hakutoshi. Nakala ziwe mbili kwenye diski mbili tofauti kabla kadi haijaguswa tena, na ya tatu iende mahali pengine siku hiyohiyo ikiwezekana.

Ikikwama

Kamera ikikuambia kadi ina hitilafu, usikubali kuifomati na usirekodi tena juu yake. Kwanza iache kamera ijaribu kurekebisha klipu ya mwisho kama ina kipengele hicho, kwani kamera inajua muundo wake kuliko programu yoyote ya nje. Ikishindikana, itoe, na kwenye kompyuta tengeneza nakala kamili ya kadi nzima, biti kwa biti, kisha ufanye ukombozi juu ya nakala hiyo. PhotoRec ni ya bure na hupata faili nyingi hata mpangilio wa folda ukiwa umeharibika, ingawa klipu ndefu zilizokatwa vipande huwa ngumu kuziunganisha.

Kadi iliyokuangusha mara moja bila sababu inayojulikana, itoe kwenye kazi. Jaribu kisoma kadi kingine na kebo nyingine, angalia sasisho, irudishe kwenye kipimo cha kujaza mara mbili. Ikianguka tena, idai dhamana ukiwa na namba ya modeli, toleo la programu ya kamera na hali uliyokuwa unarekodi. Ikiwa muda wa dhamana umepita, iandike kwa kalamu nzito isirudi kwenye kasha la kazi, na uitumie kuhamishia sasisho za programu za kamera.